Kabla ya Vita vya Kagera, Handeni iliwahi kuwa kambi ya kumng'oa Idi Amin

Ukiwa Kwashemshi, Korogwe, Handeni ni jirani tu. Wengi wanaijua kwa mahindi na ng'ombe. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko kulikuwa na kambi ya Waganda waliomkimbia Idi Amin, wakifanya mazoezi ya kijeshi.

Amin alimpindua Milton Obote Januari 25, 1971. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua na akampa Obote hifadhi.

Septemba 17, 1972, wapiganaji zaidi ya 1,000 walivuka mpaka kuelekea Masaka na Mbarara. Wakachapwa vibaya. Oktoba, Tanzania na Uganda zikasaini makubaliano Mogadishu: kila upande usiwasaidie wapinzani wa mwenzake.

Waliobaki Uganda ndio walioumia. Siku nne tu baada ya uvamizi, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa Mahakama Kuu, Kampala, hakuonekana tena. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, serikali ikadai ni ajali ya gari. Makadirio mengi ya waliouawa chini ya Amin ni kati ya watu 100,000 na 500,000.

Nje walifanya nini? Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulishikilia kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani. Tena mwaka 1975 ukakutana Kampala na kumpa Amin uenyekiti! Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji ziligomea mkutano huo.

Uingereza ilivunja uhusiano 1976. Marekani iliendelea kununua kahawa ya Uganda hadi Oktoba 1978, Bunge lake lilipopiga marufuku biashara hiyo.

Mwezi huohuo majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Safari hii Tanzania ilijibu kwa jeshi lake yenyewe, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Ungedhani OAU ingeshukuru. Wapi! Kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya watu.

Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Alifia Jeddah Agosti 16, 2003, bila kufikishwa mahakamani hata siku moja.