Waliondoka Wimbo Gani?

Kabla karatasi za alama hazijafika Usukumani, mshindi wa ngoma alijulikana kwa watu kusogea. Uwanja mmoja, miduara miwili: Wagika huku, Wagalu kule, wote wanapiga kwa wakati mmoja, kila upande ukijitahidi kuumeza mwingine kwa sauti. Watazamaji hawakukalishwa. Walisimama panapowapendeza, wakichoka wanahama, wakisikia vigelegele ng'ambo wanakimbilia huko, na jua likielekea kuzama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Hapakuwa na jopo wala meza ya waamuzi. Hapakuwa na rufaa pia, maana ungemkatia nani rufaa wakati kila mtu ameona?

Inasimuliwa kwamba utaratibu huo ulianza katikati ya karne ya 19 na watu wawili, Ngika na Gumha, wote waganga na wote mafundi wa ngoma. Walitaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi, wakaamua kuita watu waje waone. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika. Wa Gumha ndio hawa tunaowaita Wagalu. Mashindano, mbina kwa Kisukuma, yalikuwa ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa ghalani na baadaye fedha za pamba zikiwa mfukoni. Huku kwetu Ntuzu, ukizaliwa kwenye nyumba ya ngoma upande huuchagui, unaukuta.

Mimi nilikuta Ugalu. Nilizaliwa Somanda wakati Bariadi bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012, nikiwa mtu mzima mwenye chaki mkononi. Nafundisha Kiswahili sekondari. Jioni nina kazi nyingine ambayo wenzangu katika chumba cha walimu wanaicheka: nasoma na kukosoa tahakiki za magemu zinazoandikwa na vijana wa mtaani. Wanaocheka wanadhani ni jambo geni lililoletwa na televisheni. Mimi naona lina ukoo mrefu hapa hapa, na ukoo wenyewe unaanzia uwanja wa mbina.

Babu yangu alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi. Kabla ya kuingia uwanjani alikuwa akipandisha mtoto mmoja juu ya kichuguu, au juu ya mkokoteni kama kichuguu hakipo. Kaka yangu aliifanya kazi hiyo, alipokua nikairithi mimi. Kazi yangu haikuwa kutazama ngoma. Ilikuwa kutazama watu wanaotazama. Usiku, akiwa ameshanawa vumbi, babu aliniita. Hakuuliza kama tumeshinda, hilo alilijua. Aliuliza, "Waliondoka wimbo gani?"

Nikisema, "Ule wa ng'ombe, guku, ulipoanza kuurudia," anauliza walioanza kuondoka ni kina nani. Wazee? Wasichana? Halafu linakuja swali ambalo sijapata kulisikia kwa mwamuzi mwingine yeyote: walitembea au walikimbia? Wakikimbia, maana yake upande wa pili wametoa chatu. Mabingwa wa nyoka, wale Wayeye, walikuwa na uwezo wa kuhamisha uwanja mzima kwa kufungua kikapu kimoja, na hilo babu hakulihesabu kuwa kosa la wimbo wake. "Chatu hana ubeti wa pili," alikuwa akisema, na kweli baada ya muda watu walianza kurudi. Lakini wakitembea, tena wakiongea mambo yao, huo wimbo unarudi jikoni. Siku moja nilimwambia waliondoka kwa sababu mama mmoja alianza kuuza pombe chini ya mti. Akacheka, lakini hilo nalo akataka kulijua.

Vikundi vilikuwa na mbinu nyingi za kuvuta watu. Kulikuwa na sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, na bugobogobo ya majembe yanayorushwa juu na kudakwa. Kulikuwa pia na dawa za mvuto, ambazo kila ningi alikuwa nazo na kila ningi alizilaumu za mwenzake. Mtu wa nje angesema hukumu ya namna hiyo haina haki, mwenye nyoka mkubwa anashinda. Si uongo. Hata hivyo nyoka alileta watu tu. Kuwashikilia hadi jioni lilikuwa jambo lingine, na hapo ndipo watunzi walipotofautiana.

Pwani nako walikuwa na pande mbili. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, kuhusu ngoma za beni na mashindano ya Marini na Arinoti. Huko ushindi ulipimwa pia kwa gharama za sare, vyeo na karamu. Sisi hatukuwa na fedha hiyo. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, halikuukwepa ushindani wetu: pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada aliutia ndani ya sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, na sikukuu hiyo, Bulabo, bado inawakutanisha Wagika na Wagalu mbele ya umati unaohama kama zamani.

Karatasi ilikuja na shule. Kwaya za shule, ngoma za mapokezi ya Mwenge, mashindano ya fani za ndani: kote huko kumewekwa meza yenye kitambaa, chupa za maji, na watu watatu au wanne wenye kalamu. Nimekaa kwenye meza hizo mara nyingi. Unapewa karatasi yenye visanduku: mavazi, ujumbe, ubunifu, mpangilio, kutunza muda. Unajumlisha. Kikundi kinatoka na 67, kingine na 71, na mwalimu wa kikundi cha 67 anapanda basi na watoto wake bila kujua ni wapi hasa palipolegea. Sikatai kwamba karatasi ina haki zaidi. Chatu hapati alama kwenye "ujumbe". Lakini 67 huwezi kuipeleka jikoni.

Kati ya uwanja wa mbina na meza ya waamuzi, Bariadi ilipata shule nyingine ya uhakiki isiyo na mwalimu. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na hata baada ya hapo kwetu ilichukua muda kuzoeleka. Picha tulizijulia kwenye kibanda cha video. Mabati, turubai la kuzuia mwanga, deki moja, jenereta nje inayokohoa. Mbele alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake, akiwasemesha Rambo na Van Damme Kiswahili. Jina kubwa la kazi hiyo nchini lilikuwa Lufufu, Derek Mukandala, ambaye tafsiri zake zilikuja kuuzwa kwenye kanda na diski. Wa kwetu alikuwa fundi baiskeli. Hakuishia kutafsiri. Alitoa na hukumu papo hapo: hapa stelingi amezembea, hapa mwenye filamu ametudanganya, hakuna bastola inayopiga risasi zote hizo bila kujazwa.

Waliokosa kiingilio walisubiri nje wasimuliwe. Msimulizi alilipwa karanga. Na hapo ndipo msimulizi naye alipohakikiwa, kwa sababu miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo daima mmoja aliyechungulia tundu la turubai. Ukiongeza chumvi ya kupita kiasi, anakukatiza: "Acha uongo, hakuruka ghorofa, aliteremka kwa kamba." Karanga zinahamia kwake.

Gemu likafuata njia hiyo hiyo ya kibanda. PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 12, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na zilizofika kwetu nyingi zilikuwa zimeshachezewa na watu wengine. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alifungua chumba cha magemu si mbali na barabara kuu: televisheni nne, benchi, feni, nusu saa jero. Tatizo lake lilikuwa diski. Anazifuata Mwanza, analipia, vijana wanazicheza siku mbili wanazisusa. Akaja na wazo: atakayeandika ukurasa mmoja wa kweli kuhusu gemu apewe nusu saa ya bure. Kurasa zikawa nyingi, za kweli zikawa chache, ndipo aliponifuata. "Madamu, nisaidie kuchambua, mimi wananizidi maneno."

Ya kwanza niliyoisoma ilihusu Grand Theft Auto: San Andreas, ya mwaka 2004. Naikumbuka karibu yote. Dhamira kuu: ukombozi. Mandhari: mjini na vijijini. Wahusika: CJ ni mhusika mkuu, ni kijana mwenye msimamo na bidii, anafaa kuigwa na jamii. Kisha, kama mtihani wa taifa unavyotaka, "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". CJ, kwa asiyemjua, anaiba magari na kuua polisi. Kijana hakuwa anatania. Alichukua kiunzi tulichomfundisha kuhakikia riwaya za *Takadini* na *Watoto wa Mama N'tilie* akakivisha gemu, na kiunzi kikajibu chenyewe bila kuhitaji kutazama skrini.

Sikuweka alama. Nilimwandikia chini swali moja: uliiweka pedi chini wapi?

Akaja mwenyewe kujibu, kwa hasira. Ni kwenye misheni ya treni. CJ anaendesha pikipiki, mwenzake Big Smoke amekaa nyuma na bunduki, juu ya mabehewa wamesimama maadui, na Big Smoke anapiga risasi zote zinaishia kwenye ubavu wa treni. Unarudia. Treni inakuacha tena. Kijana alirudia hadi nusu saa yake ikaisha, na wenzake kwenye benchi wakahamia televisheni ya pili. Nikamwambia aandike hicho alichonieleza, aanzie kwenye treni. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari isiyonyooka na koma zimepotea, lakini ulisema jambo ambalo hata mimi nisiyecheza nililielewa: ukiendesha karibu mno na treni, pembe ya kupiga inakufa, jitenge nayo kulia, hapo Big Smoke anawaona. Na akaongeza kwamba gemu halikuambii hilo, linakuacha ulilaumu pikipiki. Mwenye chumba aliubandika ukutani. Vijana wakaja kujaribu treni.

Wengi hawapendi ninavyokosoa. "Madamu, nimepata ngapi?" ndilo swali la kwanza, na naelewa, mtoto wa shule zetu ameishi kwa namba tangu darasa la kwanza. Hata Wajapani wamepitia huko: gazeti la Famitsu, lililoanza mwaka 1986, huweka wahakiki wanne kwa kila gemu, kila mmoja anatoa alama hadi 10, jumla 40. Gemu la kwanza kupata 40 kamili lilikuwa la Zelda, Ocarina of Time, mwaka 1998. Meza yetu ya UMISETA, michezo ya shule za sekondari, wangeitambua mara moja. Mbina pia ina ndugu yake huko nje. Konami, wenye Winning Eleven iliyolea kizazi kizima cha vibanda vya Afrika Mashariki, walitoa eFootball mwezi Septemba 2021, na wachezaji wakaihukumu kuwa miongoni mwa magemu mabovu kuliko yote kwenye duka la Steam. Kampuni ikaomba radhi hadharani. Huo ulikuwa umati unaotembea, haukukimbia. Waliosema "takataka" walikuwa wengi, ila fundi wa Konami alihitaji wale waliotaja sura za wachezaji zilizopinda na pasi zinazokwenda zisikoelekezwa.

Mwandishi wangu bora kwa sasa ni msichana wa kidato cha pili ambaye karibu hajapata kushika pedi. Wavulana hawampi. Anakaa kwenye benchi akimsubiri kaka yake, na anaandika gemu lilivyowachosha waliokaa mbele yake: nani alianza kutazama simu, ni baada ya bao la ngapi, nani aliomba wabadilishe diski. Kuhusu FC 24, gemu la mpira la kwanza baada ya kampuni ya EA kuachana na jina la FIFA mwaka 2023, aliandika kwamba wachezaji wakubwa wanaruka video za mwanzo na wadogo wanazitazama hadi mwisho, kwa hiyo diski hiyo inunuliwe kwa ajili ya mchana, watoto wanapotoka shule. Mwenye chumba ameacha kumlipa kwa nusu saa za gemu. Anampa fedha.

Hilo limeleta vita. Wavulana wameandika barua ya malalamiko, wameisaini, wakaileta kwangu: mtu asiyecheza atahukumuje? Barua ina matusi mawili ya kificho, makosa sita ya tahajia na hoja moja nzuri. Hoja inasema kwamba pedi ya televisheni ya tatu imelegea kijiti, inavuta kushoto yenyewe, na yule binti, kwa kuwa hajaishika, aliandika kwamba gemu ndilo bovu. Nimewarudishia waandike upya, waanzie kwenye kijiti.