Kibali cha Kuuza Gazeti

Gazeti haliendi kwa msomaji kwa miguu yake. Lahitaji mahali pa kuuzwa, na mwenye kutoa kibali cha mahali hapo ndiye ashikaye ufunguo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 magazeti ya watu binafsi yalikoma Unguja na Pemba. Mwaka 1988 Zanzibar ilitunga Sheria Namba 5, ya kuandikisha mawakala wa habari, magazeti na vitabu. Gazeti la Dira lilitoka mwaka 2002. Mwezi Novemba 2003 serikali ikalifunga.

Mwaka ule ule wa 1988 Marekani nako palikatwa shauri la vibali. Huko magazeti yaliuzwa katika masanduku kando ya njia: mtu hutia sarafu, akafungua, akatwaa nakala moja. Mji wa Lakewood ulimwachia meya kutoa au kunyima kibali cha sanduku kama aonavyo yeye. Mahakama Kuu ikaitangua amri hiyo, kwa kuwa uwezo usio mpaka waweza kumnyima mtu kwa ajili ya maneno yake.

Basi twajifunza nini? Njia yahitaji amri, mpitaji asijikwae. Lakini amri njema hutaja masharti yake mapema, ili hata mnyonge ayasome na kudai haki yake.