Chama cha Mkoa Kilichoipa Dunia Kona

Mwanzoni mwa mwaka 1867 Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kilikuwa na umri wa miaka mitatu na ushee, na tayari kilikuwa taabani. Kwenye mkutano wake wa Februari jijini London waliohudhuria walihesabika kwa vidole, na ikafika hatua ya kuulizana kama kuna haja ya kuendelea nacho. Wakati huohuo, huko Sheffield, mji wa kaskazini uliofahamika dunia nzima kwa visu na chuma cha pua, klabu 12 zilikuwa uwanjani zikiwania kombe. Kombe hilo lilitolewa na Thomas Youdan, mwenye ukumbi wa maonyesho mjini hapo, na fainali yake ilichezwa Machi 1867 katika uwanja wa Bramall Lane. Hallam waliwashinda Norfolk.

Klabu hizo hazikutawanyika baada ya kombe. Mwaka huohuo zilijiunga na kuunda Chama cha Soka cha Sheffield, chama cha kwanza cha eneo katika historia ya mchezo huu. Msomaji wa Tanzania anaujua vizuri muundo ulioanzia pale: klabu iko chini ya chama cha wilaya, wilaya chini ya mkoa, mkoa chini ya shirikisho la taifa, TFF. Tumeuzoea hata tunadhani ulianzia juu ukateremka. Kumbe mkoa wa kwanza ulijitengeneza wenyewe, bila kuamriwa na mtu, na kwa miaka kumi ulicheza soka kwa sheria zake.

Sheria hizo zilianza na vijana wawili, Nathaniel Creswick na William Prest, walioanzisha klabu ya Sheffield Oktoba 1857. Walikuwa wanacheza kriketi, na wakati wa baridi walikosa la kufanya. Mwaka uliofuata wanachama walikaa wakaandika sheria. Kwa jicho la leo zinashangaza. Mchezaji aliruhusiwa kuusukuma mpira kwa mkono, na akiudaka kabla haujagusa chini alipewa pigo huru. Kuotea hakukuwepo, kwa hiyo mtu angeweza kujipanga karibu na lango la wapinzani akasubiri. Sheria moja ilimtaka kila mchezaji aje na kofia mbili za kitambaa cha flana, moja nyekundu na moja ya buluu iliyokolea, ili siku ya mechi kila upande uvae rangi yake. Jezi ya timu hapo bado.

Palikuwa pia na pointi iliyoitwa rouge. Pembeni ya kila nguzo ya lango, hatua chache, walisimika bendera. Mpira ukipita kati ya bendera na nguzo, nje ya lango, na mshambuliaji akawahi kuugusa chini kabla ya beki, timu yake ilipata rouge. Haikuwa goli, lakini mabao yakilingana, rouge ndizo zilizoamua. Hallam walichukua kombe la Youdan kwa rouge mbili, bila hata goli moja safi. Watu hawakupenda, na nadhani walikuwa na haki. Mwaka 1868 chama kiliifuta rouge, na kwa mpira uliotoka nyuma ya mstari wa goli kikaweka kitu kipya: mpira upigwe kutoka pembe ya uwanja. Ndiyo kona. FA ya London iliichukua mwaka 1872, na hakuna mtoto Temeke au Kisumu asiyeijua leo.

Mtambaa panya mgumu wa kufunga lango juu nao ulitumika Sheffield wakati London wakiwa bado wanafunga utepe kati ya nguzo mbili. Na kupiga mpira kwa kichwa kulikuwa kwa watu wa Sheffield jambo la kawaida. Machi 1866 walipokwenda London kucheza katika bustani ya Battersea, wenyeji walishangaa kumwona mtu mzima akiupelekea mpira paji la uso. Sheffield walifungwa siku hiyo, kwa sheria za London. Kuanzia mwisho wa 1871 mechi za miji hiyo miwili zikawa za kawaida, wakipokezana viwanja na sheria pia.

Hali hiyo isingeweza kudumu. Timu iliyosafiri ilijikuta ikijifunza upya namna ya kuotea na namna ya kurudisha mpira uliotoka. Aprili 1877 chama cha Sheffield kilikubali kuziacha sheria zake na kuchukua za FA. Kila upande ulilegeza. London walitaka mpira uliotoka pembeni urushwe moja kwa moja. Sheffield waliupiga kwa mguu kuelekea popote. Wakakutana katikati: utarushwa kwa mikono, kuelekea popote. Binafsi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko kona. Chama kilichokuwa na klabu nyingi, mashabiki wengi na sheria zilizokamilika zaidi kilikubali kuwa chama cha mkoa, na ndipo taifa zima likapata mchezo mmoja.

Mtu aliyesimama katikati ya mambo haya alikuwa Charles Clegg, mwanasheria wa Sheffield asiyegusa pombe wala kuvumilia kamari. Novemba 1872 aliichezea Uingereza mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa, dhidi ya Scotland mjini Glasgow, ikaisha 0-0. Mdogo wake, William, alifuata mwaka 1873. Usiku wa Oktoba 14, 1878, Bramall Lane iliwekwa taa nne za umeme juu ya minara ya mbao, mashine za umeme zikinguruma nyuma ya magoli, na vikosi viwili vya wachezaji wa Sheffield vikaingia uwanjani chini ya mwanga huo, kimoja kikiongozwa na Charles na kingine na William. Watazamaji walikaribia 20,000, na wengine wakapenya bila kulipa. Kikosi cha William kilishinda 2-0. Wakati huo taa ya umeme ilikuwa bado ngeni hata mitaani.

Lakini chama hiki kilikuwa na mapungufu yake. Klabu ndogo zilijiona zimefungiwa mlango, zikaunda chama chao mwaka 1877, kilichokuja kuitwa Hallamshire. Ilichukua takriban miaka kumi ya kuvutana kabla ya pande mbili kuungana na kuzaa jina linalotumika hadi leo, Sheffield and Hallamshire. Mwaka 1879 wachezaji wa mji huo walijipaka masizi usoni na kujiita Wazulu, wakacheza mechi za kuchangia familia za askari wa Uingereza waliouawa katika vita vya Afrika Kusini. Chama kiliwaandama baadaye, lakini kosa kililoliona ni la kupokea malipo. Kuwafanyia kichekesho watu wa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, wakati nchi yao inachomwa, hakukumsumbua mtu. Miaka 15 baadaye, mwaka 1894, Sheffield United walimsajili kipa Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra, Mwafrika wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Uingereza. Alikufa maskini mwaka 1930 na kaburi lake, karibu na Doncaster, lilikaa bila jiwe hadi 1997.

Clegg alipanda hadi kuwa mwenyekiti wa FA mwaka 1890, na baadaye rais, akabaki madarakani mpaka kifo chake mwaka 1937. Uadilifu wake hakuna aliyeutilia shaka. Hata hivyo ni chini ya uenyekiti wake, Desemba 1921, FA ilipozitaka klabu ziwanyime wanawake viwanja, marufuku iliyodumu karibu nusu karne. Vyama vya mikoa vilitii. Leo ofisi ya Sheffield and Hallamshire inasajili timu za wasichana pamoja na za wavulana, inafundisha waamuzi, inasikiliza kesi za nidhamu na kusimamia usalama wa watoto, na kombe lake la wakubwa, lililoanza msimu wa 1876/77, bado linashindaniwa.

Tunayajua haya yote, hadi rangi za kofia, kwa sababu makatibu waliandika na kutunza. Mwaka 2011 klabu ya Sheffield iliuza karatasi zake za sheria za mwanzo kwenye mnada jijini London kwa pauni 881,250. Enyi makatibu wa vyama vya soka vya wilaya na mikoa yetu, daftari la vikao mlilonalo kabatini msiliache liliwe na mchwa. Andikeni nani alikuja, nini kiliamuliwa na kura zilikwendaje, kisha nakala moja ipelekeni maktaba ya mkoa.