Waridi la Susu lilitoka Mua, na hakuna kitabu kimeandika hivyo

Hebu niwaulize. Ukisikia "historia ya maua Kenya" unafikiria nini? Naivasha, si ndiyo? Vibanda vya plastiki kando ya ziwa, ndege za mizigo usiku, Uholanzi, Valentine. Mimi pia nilikuwa hapo hapo, mpaka mwezi jana shangazi aliponipigia simu: shamba la Susu limepata mnunuzi, na kila kitu kilicho langoni kitang'olewa. Mwaridi wake pia.

Susu alituacha mwaka juzi. Ule mwaridi ni mkubwa kuliko mimi kwa umri, mkubwa hata kuliko mamangu. Alikuwa akituambia alikoutoa. Akiwa msichana, kabla ya uhuru, alifanya kibarua cha kuchuma matunda kwa mzungu kule Mua Hills. Siku walipopunguza maua ya bustani, aliokota kijiti kimoja kwenye takataka, akakifunga kwa kitambaa chenye maji, akatembea nacho hadi nyumbani.

Sasa tuweke hiyo hadithi mahali pake. Wakati wa ukoloni Mua ilikuwa ardhi ya walowezi, na Wakamba walioishi chini yake walipanda kule kama vibarua. Baada ya 1963 mashamba yakagawanywa kwa wananchi. Wazungu wakaenda, nyumba zao nyingine zikabomoka. Lakini kabla ya hapo wasichana kama Susu walikuwa wameshabeba vijiti vyao. Tembea leo vijiji vya huku kwetu uulize mama yeyote waridi lake lilitoka wapi. Atakwambia jina la mtu: nilipewa na fulani, naye alipewa na fulani.

Historia iliyoandikwa haiko hivyo. Inaanza na kampuni. Na manze, hata hiyo ilianzia kwetu! Mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni ya Denmark, DCK, ilianza kupanda krisanthemamu za kuuza nje kule Masongaleni, karibu na Kibwezi. Leo ni Makueni, lakini wakati huo ilikuwa wilaya ya Machakos. Kampuni hiyo ikapanda Naivasha pia, na baadaye ni Naivasha, na waridi, vilivyopata jina. Krisanthemamu nazo huzidishwa kwa vijiti, sio mbegu. Yaani hiyo biashara kubwa yote ilisimama juu ya ujuzi ambao mama wa Ukambani alikuwa nao tayari. Mhogo unapandwaje? Kwa kijiti. Miwa? Pingili. Viazi vitamu? Marando unayoomba kwa jirani. Susu hakufundishwa na mzungu kupanda kijiti.

Nilisoma historia chuo mwaka mmoja na nusu kabla karo kunishinda. Tulifundishwa kutafuta hati: barua, ripoti, rejista. Susu hana hati. Lakini fikiria hivi: ukipanda mbegu ya waridi unapata mtoto, mmea mpya usiofanana kabisa na mama. Ukipanda kijiti unapata mmea ule ule. Kwa hivyo mwaridi wa langoni ni ule ule uliokuwa bustanini Mua. Hiyo ndiyo hati, na mwezi ujao tingatinga inakuja kuichoma.

Najua kuna wale wataniuliza sheria. Ni kweli, kuna aina za waridi zenye wenyewe. Kenya ilijiunga 1999 na UPOV, muungano wa nchi zinazolinda haki za wanaobuni aina mpya za mimea, na hapa kwetu KEPHIS ndio wanasimamia. Aina ikisajiliwa, huwezi kuizidisha kwa biashara bila leseni. Sina shida na hilo, kupata rangi moja mpya ni kazi ya miaka mingi. Lakini waridi la Susu ni la kabla ya hayo yote, na halijawahi kuuzwa. Lilipewa tu.

Basi Jumamosi nilienda na kisu. Nilichagua matawi yaliyomaliza kutoa maua, unene wa penseli, nikakata mshazari chini kidogo ya kifundo, kila kijiti vifundo vinne. Nikatoa majani ya chini, nikaacha mawili juu. Udongo nusu, mchanga wa mto nusu, ndani ya mikebe iliyotobolewa chini. Juu nikafunika na chupa ya soda iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke, nikaweka kivulini. Unamwagilia kidogo, sio kufurisha. Na usikivute kila siku kuangalia mizizi! Nilifanya hivyo mara ya kwanza mwaka jana nikaua vyote sita.

Safari hii nilipanda kumi na viwili. Wiki ya tano sasa: saba vimekauka, vitano vina majani mapya. Kimoja ni cha shangazi, kimoja cha mamangu. Kimoja nitampa huyo mnunuzi, na nitamwambia kilitoka wapi.

Uliza wa kwenu kabla hawajaenda. Waridi la nyumbani kwenu, nani alileta kijiti?