"Ni Kweli": Kauli ya Mshtakiwa na Tafsiri Yake

Sheria ya Kenya huzitaka mahakama za chini zitumie Kiingereza au Kiswahili. Mchuma chai wa Kabianga ajuaye Kikipsigis pekee husomewa shtaka kwa kinywa cha mkalimani. Chukuliwe kuwa ameshtakiwa kuiba majani mabichi ya chai, naye akajibu, "Ni kweli." Kweli ipi? Kwamba aliyachukua, au kwamba aliyachukua kwa hila, akijua hana haki nayo? Bila ya nia hiyo wizi hautimii, na jibu lake halikuigusa.

Mwaka 1951, katika shauri la Hando wa Akunaay, Tanganyika, Mahakama ya Rufani ilishauri kila sehemu ya kosa ielezwe, mshtakiwa aikubali au aikane. Shauri la Adan, 1973, liliongeza kwamba jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Agizo jema, ila hakimu huandika Kiingereza. Katiba ya 2010 ilimpa mkalimani bila malipo, lakini haikuagiza neno lenyewe la Kikipsigis lihifadhiwe. Hivyo jaji wa rufani hupima hiari ya mtu kwa neno ambalo mtu huyo hakulitamka.