Kuhamia Dodoma kwa makao makuu ya TANESCO

Kuhamia Dodoma kwa makao makuu ya TANESCO ni hatua ambayo kwayo Shirika la Umeme Tanzania, kampuni ya umma inayozalisha, kusafirisha na kusambaza umeme Tanzania Bara, liliondoa uongozi wake mkuu Dar es Salaam na kuupeleka makao makuu ya nchi.

Chimbuko lake ni uamuzi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa mwaka 1973 wa kuhamishia serikali Dodoma. Utekelezaji wake ulisuasua hadi Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itahamia huko.

Kabla ya kuhama, makao makuu ya shirika yalikuwa Ubungo, Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Novemba 2017 Magufuli aliagiza sehemu ya jengo la makao makuu hayo ibomolewe kwa kuwa iliingia katika hifadhi ya barabara.

Kuhama huku hakukuhamisha mitambo. Chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa shirika, Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja (jumla megawati 2,115), kiko kwenye Mto Rufiji. Mto huo hushuka hadi delta yake wilayani Kibiti, ilipo kata ya Ruaruke. Kwa mteja wa huko anayetumia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, badiliko halionekani kwenye mita: hununua umeme kwa simu na kubonyeza tarakimu 20 za tokeni kama zamani.