Ushahidi wa Watu wa Ziwa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya maili 400, na kina chake hupita futi 4,800. Watu wa kandokando yake walilijua kwa kazi kabla halijajulikana kwa ramani. Usiku wa giza wavuvi waliwasha mienge ya kuni mitumbwini. Dagaa wakaufuata mwanga, wakavuliwa kwa lusenga, wavu mkubwa wenye mpini. Mwezi ulipojaa, mwenge ulikosa nguvu, nao wavuvi wakapumzika. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu asiyezijua pepo, ghuba na midomo ya mito.

Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji. Walisumbuliwa na swali moja: Mto Rusizi, ulio kaskazini, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda ndio chanzo cha Naili. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, na huko mfanyabiashara Mwarabu akamwambia kuwa mto mkubwa unatoka. Kwa shauku ya kuuona, wasafiri wale walikodi mitumbwi miwili, wakafika Uvira mwezi wa Aprili. Wana wa mtawala wa Uvira waliwaambia kuwa Rusizi unaingia. Wapiga makasia walikataa kuendelea kwa kuwahofu watu wa mbele, na wageni wakarejea pasipo kuuona mto.

Mwaka 1864, katika mabishano juu ya Naili, Burton aliliacha neno la Uvira, akadai kuwa Rusizi unatoka. Hakuwa amerudi ziwani. Kilichogeuka ni haja ya hoja yake, wala si mkondo wa maji.

Mwishoni mwa 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi walioazimwa na Said bin Majid. Kwa muda wa wiki nne hivi walitazama milima, vijiji na ghuba za kaskazini. Na walipoingia katika mdomo wa Rusizi, waliukuta mkondo ukiwajia usoni. Walichokiona ndicho walichoambiwa wenzao miaka 13 nyuma.

Isidhaniwe kuwa safari ile haikuwa na faida. Habari zilipingana, na habari zikipingana, macho huamua. Lakini mashahidi hawalingani. Yule wa Kasenge alikaa mbali na mto. Wale wa Uvira walikuwa majirani zake. Ushahidi hupimwa kwa ukaribu wa shahidi na jambo lenyewe, wala haupimwi kwa manufaa ya anayeusikiliza.

Mto unaotoka ziwani ni Lukuga, upande wa magharibi. Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874, na wenyeji wakamwambia kuwa maji yake hufika Lualaba. Walisema kweli.